Mlango uliofunguka kwa nje tu



Tuliahidi kuwaletea habari za harusi ya mdogo wetu: hina, mapishi, nguo za ndani na za nje, na vile tulivyobana matumizi bila ya kuonekana tumebana. Hayo yote yatakuja, inshaAllah. Lakini kila tukikaa kuandika, mazungumzo yanarudi kwenye mlango wa gari. Basi leo tuanze na mlango, maana bila ya huo mlango harusi ile tungekuwa tunaisimulia kwa namna nyengine.

Kwa wageni wetu, sisi ni mawifi wawili. Mmoja wetu ni mtoto wa Unguja, aliyeolewa Bara miaka tisa iliyopita akahamia Kibara, mji mdogo kando ya Ziwa Victoria, wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara. Mwengine kazaliwa hapa hapa Kibara, ni dada wa mume. Nyumba moja, jiko moja, na gari moja. Gari yenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1998. Aliinunua marehemu baba, Allah amrehemu, ikiwa imeshatumika, na aliiendesha mpaka mwaka aliofariki. Sasa tunaiendesha sisi: sokoni, hospitali, Bunda mjini, na kwenye shughuli za watu.

Mlango wa nyuma wa kushoto ulianza ugonjwa wake mwaka jana. Ukiushika kwa nje unafunguka vizuri. Ukiwa umekaa ndani ukivuta mshikio, unavuta hewa. Mshikio unakuja mpaka mwisho, mlango hautikisiki.

Na sisi wanaadamu tunazoea. Mwezi wa kwanza tulisema tutautengeneza. Mwezi wa pili tulisema tukipata nafasi. Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi ya gari: anayekaa upande ule anasubiri, dereva anashuka, anazunguka, anamfungulia. Watoto walijua, mama alijua, majirani walijua. Tukafika pahala pa kuufanyia mzaha. Tukisema huo ni mlango wa malkia, akaaye hapo lazima afunguliwe.

Kuna jambo tunaona haya kuliandika, lakini tukilificha makala haya hayatakuwa na maana. Gari hii hapa mtaani hutumika kubebea mabiharusi. Ni nyeupe, ikioshwa na kufungwa utepe inapendeza. Katika mwaka ule ambao mlango ulikuwa mgonjwa, tuliwabeba mabiharusi watatu. Wote watatu tuliwakalisha upande ule ule wa kushoto, kwa kuwa ndio upande wa kushukia, mbali na magari yanayopita. Wote watatu walifunguliwa kwa nje, watu wakapiga vigelegele, picha zikatoka nzuri. Hakuna hata mmoja tuliyemwambia kwamba yeye mwenyewe asingeweza kujifungulia.

Mwaka huu ikafika zamu ya mdogo wetu, kitinda mimba wa mama. Nikaha ilipangwa kusomwa Kibara siku ya Ijumaa baada ya swala, kisha biharusi asafirishwe siku hiyo hiyo kwenda kwa mumewe Nansio, kisiwani Ukerewe. Safari yake ni barabara mpaka Kisorya, halafu kivuko cha kwenda Rugezi, halafu barabara tena mpaka Nansio. Kwa wenyeji si safari ya kutisha. Zamani vumbi ndilo lililochosha. Siku hizi kipande cha Bulamba mpaka Kisorya, kilomita 51, kina lami, na gari ndogo inakwenda bila ya tabu.

Jumatatu ya wiki ya harusi tulikaa kitako ukumbini na mama kupitia orodha. Shela, tayari. Udi na ubani, tayari. Kanga za kutunza, tayari. Mchele, nyama, wapishi, tayari. Gari ya biharusi, tukasema, yetu ile ile, tutaiosha Alkhamisi na utepe umeshanunuliwa.

Mama akauliza, "Na mlango je?"

Tukamjibu kama tulivyozoea, "Mlango si tatizo, mama. Mmoja wetu atashuka amfungulie."

Mama akaweka chini kikombe chake. "Na mkiwa juu ya kivuko? Mimi mwanangu simpandishi kivukoni ndani ya gari isiyofunguka kwa ndani."

Hakupandisha sauti. Lakini sisi tuliosikia tulijua anazungumzia nini. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kikiwa kimekaribia kufika. Watu zaidi ya mia mbili walifariki. Kwenu nyinyi mlioko Unguja na Pemba hatuna haja ya kueleza msiba wa namna hiyo ukoje, mnaujua tangu usiku wa Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011. Na mwaka mmoja baada ya Ukara, tarehe 29 Septemba 2019, kule Likoni, Mombasa, gari iliteleza kutoka kwenye kivuko ikazama baharini na mama na binti yake mdogo wakiwa ndani. Ilichukua siku kumi na tatu kuitoa. Mama yetu alizifuata habari zile redioni siku zote kumi na tatu. Hatukumbuki kama alisema kitu. Tunakumbuka alikuwa akizima redio na kwenda kutawadha.

Wengine mtasema, abiria si hushuka garini wakiwa juu ya kivuko? Ni kweli, ndivyo inavyotakiwa. Lakini sote tunajua mambo ya biharusi. Ana hina, ana shela refu, ana macho ya watu, jua kali. Anaambiwa, "Wewe kaa tu ndani, mwanangu, tutafika sasa hivi." Wale watatu tuliowabeba, mmoja wao alivuka kivuko hicho hicho, na alikaa ndani mwanzo mpaka mwisho. Usiku ule hatukulala vizuri kwa ajili yake, na hali yeye yuko kwake salama, ana mtoto sasa.

Jumanne tukampigia fundi wa mjini. Akasema tuilete gari aiangalie, pengine itabidi kutafuta kitasa kizima kilichotumika, na hawezi kuahidi kabla ya Jumatatu ijayo. Jumatatu ijayo harusi imeshapita. Ndipo mmoja wetu akamkumbuka kaka yake Unguja, ambaye ana gereji. Tukampigia simu ya video, tukamwonesha mlango.

Kaka akacheka kwanza. Kisha akasema, "Dada zangu, hiyo kazi ya saa mbili. Bisibisi ya nyota, bisibisi bapa, mswaki mkuukuu, mafuta ya taa kidogo, grisi, na subira. Subira ndiyo iwe nyingi."

Tunakuelezeni hatua zake kama alivyotueleza, kwa sababu tunajua baadhi yenu mna gari zenye mlango kama ule, na baadhi yenu mtagundua tatizo lenu halihitaji hata bisibisi.

La kwanza kabisa, loki ya watoto. Fungua mlango wa nyuma, tazama ukingoni, pale penye kitasa. Gari nyingi za Kijapani zina kitufe kidogo pale. Kikisukumwa upande mmoja, mlango haufunguki kwa ndani hata ufanyeje, unafunguka kwa nje tu. Kimewekwa ili mtoto asifungue mlango gari ikiwa mwendoni. Mara nyingi mtu hukigusa kwa bahati mbaya wakati wa kuosha gari, na familia nzima hukaa miaka ikiamini mlango ni mbovu. Tukaangalia kwa matumaini makubwa. Chetu kilikuwa pahala pake. Ugonjwa wetu ulikuwa ndani.

La pili, kufungua kava la ndani la mlango. Pandisha kioo mpaka juu. Kuna skrubu nyuma ya mshikio wa kufungulia, mara nyingi imefichwa na kifuniko kidogo, na nyengine kwenye pahala pa kuvutia mlango. Ukishazitoa, kava linabaki limeshikiliwa na klipu za plastiki pembeni. Unaingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, unabembeleza moja baada ya moja, huku ukisikia moyo unaruka kila klipu inapotoka kwa kishindo. Kisha unalinyanyua kwenda juu, unachomoa waya wa swichi ya kioo, unaliweka pembeni. Nyuma yake kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Usiichane, hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Ibandue pole pole kwa pembe, utairudisha.

Baada ya hapo unaona siri yote. Na kwa kweli si siri kubwa. Kitasa chenyewe kiko ukingoni mwa mlango, ni kipande cha chuma chenye ulimi unaong'ata chuma cha kwenye fremu ya gari. Mshikio wa nje unakivuta kwa ufito wake. Mshikio wa ndani unakivuta kwa ufito mwengine, mrefu zaidi, unaopita ndani ya mlango. Ule wa nje ukiwa mzima na wa ndani umeachia, unapata mlango kama wetu. Kaka akasema, "Kitasa hakina kosa. Kinangoja kuvutwa na hakuna anayekivuta. Fuateni ule ufito mrefu, mtaona pahala ulipoachia."

Tukafuata kwa tochi. Mwisho wa ufito, unapoungana na kitasa, huwa na klipu ndogo ya plastiki inayoushika usichomoke. Kwa joto na miaka, plastiki ile hukauka ikakatika. Yetu haikuwepo. Badala yake kulikuwa na uzi. Uzi wa nyavu, wa kijani, umezungushwa mara nyingi na kufungwa fundo, nao umelika mpaka umekatika.

Tukafikiri ni kazi ya fundi mzembe. Tukamwita mama aje aone jinsi watu wanavyotengeneza magari ya watu.

Mama akainama, akautazama muda mrefu. Akasema, "Huyo si fundi. Hilo fundo la baba yenu."

Baba alivua samaki tangu ujana wake kabla hajaingia kwenye biashara ya dagaa, na mpaka uzeeni alikuwa akishona nyavu za jamaa zake barazani. Mama amekaa pembeni ya mafundo yale miaka arubaini. Hatukuwa na la kubisha. Kumbe klipu ilikatika zamani, baba akiwa hai, na yeye mwenyewe alifungua mlango ule, akakosa klipu, akafunga kwa alichokuwa nacho. Hakumwambia mtu. Sisi tulikuwa tukifungua mlango kila siku kwa fundo lake bila ya kujua. Lilishika mpaka mwaka mmoja na kitu baada ya yeye kuondoka, ndipo likaachia.

Tulinyamaza sote. Hata kaka kwenye simu alinyamaza. Kisha mama akasema, "Haya, fanyeni kazi, jua linazama," akauchukua ule uzi akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Sasa tuwaambie kosa letu, kwa kuwa ndilo lenye faida kubwa. Kaka alituonya mapema: "Msifunge mlango mpaka mjaribu kwanza kwa bisibisi." Sisi tulisikia, lakini hatukusikia. Katika pilika za kutafuta mafuta ya taa, mmoja wetu alipita akausukuma mlango kwa nyonga ili apate njia. Ukajifunga. Na wakati ule tulikuwa tumeshauchomoa na ule ufito wa mshikio wa nje ili tukisafishe kitasa. Kwa hiyo mlango ukawa haufunguki kwa ndani wala kwa nje. Tulitazamana. Ilikuwa Jumatano, siku mbili kabla ya harusi, na tulichokifanya ni kuugeuza mlango mgonjwa kuwa mlango maiti.

Kaka akasema, "Msitie presha. Kava liko nje, kwa hiyo kitasa mnakifikia." Mmoja wetu akaingia kwa mlango wa upande wa pili, akalala kwenye siti, akapenyeza mkono ndani ya tundu la mlango. Kingo za bati ni kali, vaeni mikono mirefu. Yeye hakuvaa na mpaka leo ana alama kwenye kifundo cha mkono. Alipapasa mpaka akakipata kile kijiti ambacho ufito hukivuta, akakivuta kwa kidole. Mlango ukafunguka. Tulipiga takbira kama watu walioona mwezi.

Kujaribu kwa bisibisi ni hivi. Mlango ukiwa wazi, unausukuma ule ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka unajifunga, kama vile mlango umefungwa. Kisha unavuta mshikio wa ndani. Ulimi ukiachia, kazi yako ni nzima. Unafanya hivyo tena kwa mshikio wa nje. Halafu unafunga loki, unavuta, uone kwamba hauachii. Unafungua loki, unavuta, uone unaachia. Mara tano, mara kumi. Hapo ndipo unapofunga mlango wenyewe.

Klipu tulizipata siku hiyo hiyo. Dereva wa Noah iendayo Bunda alituletea mfuko wa klipu za namna mbali mbali kutoka duka la spea, kwa shilingi elfu tano, na tukamwongezea ya soda. Ile tuliyoihitaji ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Mwaka mzima wa kuzunguka gari kumfungulia mtu, mwaka mzima wa mzaha, kwa kitu cha plastiki kidogo kuliko ukucha.

Tulisafisha kitasa kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka weusi ukatoka, tukakiacha kikakauka, tukapaka grisi kidogo. Kaka alitukataza kutumia oili chafu ya injini, ambayo wengi huitumia, kwa kuwa hukamata vumbi na baada ya muda kitasa hugeuka kuwa gundi. Tukarudisha fito, tukajaribu, tukarudisha nailoni, waya na kava. Klipu mbili za kava zilivunjika mikononi mwetu. Kwenye ule mfuko zilikuwemo za kufanana nazo.

Kabla hatujakata simu mama aliomba azungumze na kaka. Akamwuliza, "Mwanangu, sasa hata ikitokea la kutokea ziwani, watafungua?"

Tulimpenda kaka kwa jinsi alivyojibu, kwa sababu hakumdanganya ili kumfurahisha. Alimwambia, "Mama, gari ikiwa majini maji husukuma mlango kwa nje, na mlango unaweza kuwa mzito hata ukiwa mzima. La kwanza ni mikanda, fungua. La pili ni kioo, kishushwe pale pale kabla maji hayajapanda, maana swichi za umeme hufanya kazi kwa muda mfupi tu. Watoto watangulie, kisha wakubwa, kupitia dirishani. Lakini lililo bora kuliko yote ni kwamba juu ya kivuko mtu asikae ndani ya gari. Biharusi au si biharusi."

Mama akasema, "Nimekusikia." Akatugeukia. "Na kioo cha upande ule kinashuka?"

Kilikuwa kinashuka kwa kusitasita. Tukafungua tena kava tulilolifunga sasa hivi, tukasafisha na kupaka grisi njia ya kioo. Tulimaliza tunasali Isha kwa kuchelewa, mikono inanuka mafuta ya taa, na wageni wa kwanza wa harusi wameshafika ukumbini wanaulizia sisi tuko wapi.

Ijumaa nikaha ilisomwa, alhamdulillah, kwa utulivu. Baada ya chakula tukamtoa biharusi. Kabla hajaingia garini, mama alimshika mkono, akamwingiza, akaufunga mlango, akasimama nje. Wapiga vigelegele wakanyamaza, hawakuelewa kinachoendelea. Mama akamwambia kupitia dirishani, "Fungua."

Biharusi akafungua.

"Funga. Fungua tena."

Akafungua tena.

"Haya, nendeni kwa amani ya Allah."

Watu walifikiri ni mila ya Wakerewe. Wakerewe wakafikiri ni mila ya Unguja. Tumesikia kuna harusi nyengine imefanyika Kibara tangu wakati huo na wao pia wameifanya.

Kule Kisorya tulipanda kivuko, gari ikasimama, tukazima injini. Mmoja wetu alishuka, akaanza kuzunguka kwenda kumfungulia, kwa mazoea ya mwaka mzima. Alipofika upande ule mlango ulikuwa wazi na biharusi ameshashuka, amejifunika kanga juu ya shela, anakusanya nguo yake isiburure. Alikwenda akasimama pembeni na wanawake wengine, upepo ukimpiga. Tulimwuliza kama jua halimchomi. Akasema linamchoma, lakini anaona vizuri kisiwa kinavyokuja.

Dada zetu, tumelifikiria sana jambo hili baada ya wageni kuondoka. Tulikuwa na imani kwamba Allah atatulinda, na ni Yeye aliyetulinda na kuwalinda wale watatu kabla. Lakini tangu chuoni tumefundishwa kisa cha yule bedui na ngamia wake, kwamba kufunga kamba kwanza hakupunguzi tawakkul. Sisi tulitegemea bila ya kufunga kamba. Na zaidi ya hapo, tulichukua amana za watu. Ukimpakia mtoto wa mwenzio katika chombo chako na unajua kina ila, ukanyamaza, huko si kusitiri. Mwenye kuuza bidhaa anatakiwa aseme kasoro yake, sembuse mwenye kubeba roho. Tuliwaendea wale mabiharusi watatu, mmoja mmoja, tukawaambia na kuwaomba radhi. Wawili walicheka. Yule aliyevuka kivuko hakucheka. Alisema, "Nilijaribu kuufungua mle ndani nikaona haufunguki, nikaogopa kusema, nisionekane sina adabu." Maneno hayo tunayo mpaka leo.

Kwa hiyo wewe biharusi mtarajiwa unayetusoma, kufunguliwa mlango ni heshima, na mume anayekufungulia Allah akuhifadhie. Upokee ukarimu huo kwa raha. Lakini kabla ya kupanda gari ya harusi, yeyote mwenyewe, jaribu mlango wako kwa ndani. Tazama loki ya watoto. Shusha kioo na ukipandishe. Jua mkanda unafunguliwa vipi chini ya nguo zote hizo. Na ukifika kivukoni, shuka. Ukiona kitu hakiko sawa, sema. Kusema hakuondoi haya wala adabu. Anayekupenda atashukuru umesema mapema.

Na wewe dada mwenye gari kuukuu yenye mlango wa "subiri nikufungulie", usingoje harusi. Usingoje mtoto afungiwe juani. Kitu chenyewe huenda ni kidogo kuliko ukucha.

Baba yetu aliufunga mlango ule kwa alichokuwa nacho, na ukatushika muda mrefu kuliko tulivyostahiki. Tunaomba mumkumbuke kwa dua. Ule uzi mama bado anao.

Allah atuvushe sote salama, majini na nchi kavu. Aamin.